Uzoefu wangu: Zumari katika mafunzo na mashindano ya utii na ajiliti, Malindi

Ijumaa moja mwishoni mwa mwaka jana, kama nusu saa kabla ya swala, mbwa wangu Zumari alichomoka mlangoni, akamkimbilia jirani yetu mzee aliyekuwa akielekea msikitini, akamlamba pindo la kanzu. Mkia ulikuwa ukimpepea, hakuwa na ubaya wowote. Mzee hakunifokea. Aliitazama kanzu, akanitazama mimi, akasema, "Mshike mwanangu," kisha akageuka kurudi kwake.

Sisi ni Wagiriama tena Wakristo, lakini nimezaliwa Malindi na nyumba yetu iko ukingoni mwa Shela, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, na moja kati ya hizo kwa udongo. Magharibi ile niliiona kanzu imeanikwa uani kwao, jua limeshakuchwa. Nilikwenda kumwomba radhi mkewe, akanikaribisha chai, na ukarimu huo ukanichoma kuliko kama angenitukana. Januari nikalipa karo ya mafunzo.

Tangu hapo watu wengi wamenisimamisha njiani kuuliza kama mafunzo yale yana thamani ya pesa zake. Jibu langu lina pande mbili, kwa sababu nililipia vitu viwili na havikufanana.

Mkufunzi simtaji jina. Amekodi kiwanja cha nyasi nje kidogo ya mji. Utii ni wiki 12, kipindi kimoja kwa wiki, shilingi 1,200 kila kipindi. Ajiliti, yaani mbwa kupita vikwazo kwa kasi huku mwenyewe akikimbia naye na kumwelekeza kwa sauti na mwili, ni wiki 10 kwa shilingi 1,500. Tulikuwa sita, wengi wao na mbwa wa kununuliwa wenye vyeti vya nasaba. Zumari ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, niliyemwokota nyuma ya kinu cha unga kule Barani akilia kwa sauti nyembamba ya zumari, ndipo jina likaja. Hakubaguliwa hata siku moja, na kwa hilo mkufunzi nampa sifa zake zote.

Siku ya kwanza alitusimulia asili ya mashindano ya utii, na nilikipenda kisa chake. Mwaka 1933, huko Mount Kisco katika jimbo la New York, mama mmoja aitwaye Helene Whitehouse Walker aliandaa jaribio la utii kwa sababu watu waliwaona mbwa wake aina ya Poodle kuwa pambo tu. Alitaka waonekane wakifanya kazi. Mwaka 1936 American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, ikayachukua mashindano hayo na kuyawekea kanuni. Mbwa wasio na nasaba walisubiri mpaka 2010 ndipo chama hicho kikawafungulia mlango wa kushindana. Nilimtazama Zumari aliyelala miguuni pangu nikaona kumbe tumewahi wakati mzuri.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa saa. Vipindi vilipangwa saa tisa mchana, mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma na mchanga unaunguza. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Ana jasho kidogo kwenye nyayo, na joto lingine lote hulitoa kwa kuhema. Kuhema kunampoza pale tu majimaji ya ulimini na kooni yanapokauka, na hewa yetu ikishajaa unyevu wa bahari hayakauki upesi, basi mbwa anahema na hapoi. Wiki ya pili mbwa mmoja mwenye pua fupi alijilaza chini akakataa kuinuka, ufizi umemwiva wekundu. Tulimmwagia maji tumboni na mapajani, tukampepea kwa vifuniko vya ndoo mpaka akatulia. Wenye mbwa wote sita tukasema haturudi saa hiyo tena. Mkufunzi alibisha wiki mbili nzima, na pesa za kipindi kilichovunjika hakurudisha. Hatimaye alikubali saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukijiandikisha, muulize saa kabla hujatoa shilingi. Na ukipelekwa juani, bandika mgongo wa kiganja chako mchangani uhesabu mpaka 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zinaungua.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri, na tangu hapo utii wake nausifu bila kusita. Mkufunzi alianza na maneno. Kila mtu achague ya kwake, lakini neno moja liwe na kazi moja, na lisiwe neno linalosemwa ovyo nyumbani. Mimi nilikuja na "njoo". Akaniuliza, hilo neno kwako linasemwa mara ngapi kwa siku? Watoto wa jirani wanaitana njoo kutwa, muuza samaki anaitwa njoo, na Zumari ameshalisikia mara elfu bila kutakiwa kufanya lolote. Limekufa. Tukachukua "rudi". Kwa kukaa nikachukua "keti", kwa kulala "lala", kwa kubaki pale pale "tulia", na kwa kutembea karibu nami "ubavuni".

Hilo la ubavuni ndilo lililonileta. Mbwa anatembea kushoto kwako, bega lake sawa na nyonga yako, bila kuvuta wala kubaki nyuma, na ukisimama anaketi mwenyewe bila kuambiwa. Katika mashindano hupimwa kwanza kwa kamba, kisha bila kamba. Kuna na mzunguko wa umbo la namba nane: watu wawili wanasimama wakiachana kama mita 2.4, nawe unawazunguka na mbwa wako. Ukipinda kulia mbwa yuko nje, lazima aongeze mwendo. Ukipinda kushoto yuko ndani, lazima apunguze. Wewe hubadilishi mwendo wako hata kidogo. Kwa mtazamaji ni jambo dogo, kwa mbwa ni hesabu ngumu, kwani hawezi kuifanya bila kukutazama.

Nyumbani nilianza na madumu mawili ya lita 20. Kisha nikawasimamisha mwanangu na shangazi yake. Hapo Zumari alikuwa bora kabisa, nami nikadhani tumemaliza. Mkufunzi akauliza swali lililostahili karo yote: siku ile ya kanzu, mbwa alifuata mtu au alifuata kitambaa? Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Akaniambia nimtafute mtu ajitande leso, aache pindo zipepee. Kwa leso, Zumari alisahau jina lake. Kumbe alichokuwa akikifuata ni ule mpepeo.

Basi kwa wiki tano dada yangu alisimama uani na leso mbili, kwanza mbali, hatua 15, kisha 10, kisha 5. Kila Zumari alipoacha kuitazama leso na kuinua macho usoni mwangu, alipata kipande cha ini la kuku lililochemshwa, dogo kama punje ya hindi. Akirukia leso hapati kitu, nasi tunarudi hatua mbili nyuma tuanze tena. Hakuna kipigo wala kelele. Maji yakipwa alfajiri tulishuka Silversands, mchanga uko mgumu na upepo unavuta leso kwelikweli, tukarudia kule. Wiki ya tano ilipoisha tulizunguka nane baina ya leso mbili zinazopigwa na upepo, na macho yake yote kwangu.

Sikumweleza mzee lolote. Siku moja alasiri alikuwa anapita, nami niko upande wa pili wa njia na Zumari bila kupenda kwangu, kwani nilikuwa natoka tu kutupa taka. Nikasema "ubavuni", nikasimama, akaketi. "Shikamoo Mzee." "Marahaba mwanangu." Akasimama kidogo, mbali, akasema, "Naona siku hizi anakutazama wewe, hatutazami sisi." Kisha akaenda kuswali. Mwamuzi hajawahi kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Ajiliti ni habari nyingine. Mchezo wenyewe ni mzuri mno. Ulizaliwa London mwaka 1978, katika onyesho la mbwa la Crufts, kama burudani ya kujaza nafasi kati ya vipindi, ukiigwa kutoka mashindano ya farasi kuruka viunzi. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa, mbwa lazima awe ametimiza miezi 18, hupimwa urefu begani ili apangiwe kundi lake (Zumari ana sentimita 41, kundi la wastani), na hukimbia bila kamba. Kuna viunzi, kuna handaki la kitambaa, kuna daraja la ubao, kuna mbao mbili zilizoegemezana kama paa, kuna fito 12 za kupenya kwa kupindapinda, na kuna ubao wa kubembea. Kwenye daraja, paa na ubao, ncha zimepakwa rangi tofauti, na mbwa lazima aikanyage rangi anaposhuka. Kanuni hiyo inamlinda asijirushe kutoka juu.

Shida ilikuwa vifaa. Viunzi vya mkufunzi vilikuwa vya pau za mikoko zilizopigiliwa misumari. Mtu yeyote wa pwani anajua pau ya mkoko ilivyo. Tunaezekea nayo nyumba. Kiunzi cha mbwa sharti kilazwe juu ya vishikio ili kikiguswa kianguke. Mbwa akigonga mkoko uliopigiliwa, kinachovunjika ni mguu. Nilisema wiki ya kwanza, nikajibiwa kwamba mbwa atajifunza kuruka vizuri. Mwishowe nilinunua bomba nyepesi za plastiki, fundi akanikatia na kunitengenezea vishikio, nikawa nakwenda na viunzi vyangu kwenye tuktuk. Fito nazo nilitengeneza kwa bomba za inchi moja na nusu, nikazichimbia uani sentimita 60 kutoka moja hadi nyingine kama kanuni zinavyotaka.

Kibaya zaidi kilikuwa ubao wa kubembea. Wiki ya tatu Zumari alipandishwa kwenye ubao wa urefu kamili, hakuna aliyeushika. Alipovuka katikati ubao ukashuka na kugonga chini kwa kishindo, naye akaruka pembeni akajificha chini ya gari. Kwa mwezi mzima akiona ubao wowote, hata wa fundi seremala mtaani, anarudi nyuma. Ubao huu hufundishwa ukiwa chini kabisa, umewekewa mto au gunia la mchanga laini chini ya ncha, mtu ameushika ushuke taratibu, na mbwa anazoezwa kishindo peke yake kabla ya mwendo. Hilo nilijifunza na kulifanya mwenyewe nyumbani, jioni baada ya jioni, kwa ubao uliowekwa juu ya tofali moja. Sikustahili kulipa shilingi 1,500 kwa kipindi kisha nirekebishe kosa la mwalimu. Ongeza na kupe: mbuzi hulishwa kwenye kiwanja kile, na kila tukirudi lazima nimpekue masikioni na baina ya vidole.

Agosti, kusi ikivuma, mkufunzi aliandaa mashindano madogo. Tulikuwa mbwa tisa na mwamuzi mgeni. Utii ulifuata daraja la kwanza la Kimarekani: alama 200, kufaulu ni 170, na kila zoezi lazima upate zaidi ya nusu. Zumari alipata 181.5. Alikatwa alama kwa kuketi mshazari mara mbili na kwa kwenda mbali nami kwenye kona. Zoezi la kuitwa lilinitoa jasho. Mbwa anaachwa ameketi upande mmoja, unakwenda kusimama upande wa pili, na ukiruhusiwa unaita mara moja tu. Akija kabla au asipokuja kwa wito huo, zoezi limepotea. Nimesimama nasubiri ishara, watoto kwenye ua wakaanza kupiga makelele, "Njoo! Njoo!" Niliona sikio lake moja limegeuka. Matako hayakuinuka mchangani. Mwamuzi akaniashiria, nikasema "rudi", akaja kama mshale, akaketi mbele yangu.

Kwenye ajiliti alikataa ubao mara moja, akaingia fito vibaya mara moja (fito ya kwanza lazima iwe kwenye bega lake la kushoto), akaruka rangi ya paa. Kila kosa ni alama 5, na kukataa mara tatu ni kutolewa. Tulimaliza na 15 bila kuzidisha muda, ambayo kwa FCI ni daraja la "vizuri sana". Alipopanda ubao mara ya pili, ukashuka, ukagonga, naye akasubiri juu yake mpaka ukatulia, nililia mbele za watu na sioni aibu.

Kwa hiyo, utii lipa, na ukiwa na majirani kama wangu lipa kesho. Ajiliti nenda ukague viunzi kwanza, vigonge kwa mguu, visipoanguka usimfungue mbwa. Mimi nimeshalipia daraja la pili la utii. Humo mbwa akiwa njiani kukujia unamwambia alale, naye analala hapo hapo alipofika. Tunalifanyia mazoezi njia ya nyumbani, dada yangu na leso zake upande wa pili.