Usiku wa Kentucky Derby Nyali: Jiko Lilishinda, Baa Ikachelewa

Jumamosi ya kwanza ya Mei, mkahawa mmoja wa upande wa Nyali uliandaa karamu ya kuangalia mbio za farasi za Kentucky Derby, pamoja na vyakula vya majimbo ya kusini ya Marekani na vinywaji vinavyoandamana navyo, kwa shilingi 4,500 kila mgeni. Jina la mkahawa nitalihifadhi, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaona hayatawapendeza wenyewe, na yale yaliyopendeza yanaweza kuigwa na jiko lolote la mjini. Hukumu yangu naitoa mapema: wapishi walielewa wanachokipika, ilhali baa ilikuwa ingali inafuata picha.

Kwa asiyezifuata mbio hizo, zimekimbiwa kila mwaka tangu 1875 katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville. Hushindana farasi wa umri wa miaka mitatu tu, wasiozidi 20, kwa umbali wa maili moja na robo, yaani takriban kilomita mbili. Rekodi ya farasi aitwaye Secretariat ni dakika 1 na sekunde 59.4, nayo haijavunjwa tangu 1973. Kwa hiyo shughuli yote ni ya dakika mbili, na saa nyingi zinazobaki ni za kula, kunywa na kutazamana kofia. Huko Kentucky ni majira ya kuchipua. Kwetu ni masika yaliyokolea. Jambo kubwa zaidi kwa mpishi ni kwamba farasi hutoka karibu saa moja jioni kwa saa za Louisville, ambayo hapa Mombasa ni karibu saa nane usiku. Karamu ilifunguliwa saa tatu. Kila sahani iliyowekwa mezani ilipaswa kuvumilia takriban saa tano za joto la Pwani, na hicho ndicho kipimo nilichokitumia.

Sahani iliyokipita kipimo hicho vizuri kuliko zote ni ya kamba na chenga za mahindi. Asili yake ni pwani ya South Carolina na Georgia, ambako ilianza kama chakula cha asubuhi cha wavuvi kabla ya kupanda cheo na kuingia hotelini. Mahindi husagwa nusunusu, yakachemshwa polepole kwa maji na maziwa huku yakikorogwa, kisha yakatiwa siagi na mara nyingi jibini. Wapishi wa Nyali hawakutafuta chenga za pakiti kutoka ng'ambo. Walipeleka mahindi meupe mashineni yakasagwa makubwamakubwa, wakapepeta unga laini wakautoa, na mahali pa maziwa wakatia tui jepesi. Niliposomewa hayo na mhudumu niliingiwa na wasiwasi, kwa sababu tui likizidi hugeuza chakula chochote kuwa kama wali wa nazi, lakini hapa lilikuwa kwa kiasi, likiachia utamu wa mahindi kusikika kwanza na nazi kufuata nyuma. Chenga zenyewe zilikuwa zimeiva hadi ndani, si ngumu wala si uji wa mgonjwa, na zilikaa juu ya maji ya moto bila kushikana kwa sababu kijana mmoja aliachiwa kazi ya kuziongezea maji na kuzikoroga. Kamba hawakupikwa kwa pamoja na kuachwa. Walikaangwa kikaango kwa kikaango kila wageni walipojipanga, kwa siagi, kitunguu saumu, pilipili hoho nyekundu na ndimu, wakitolewa motoni pale tu walipojikunja na kubadilika rangi. Kamba aliyepitishwa hapo hata kwa dakika mbili huwa mpira, na sikumkuta hata mmoja aliyekuwa hivyo. Niliirudia sahani hiyo saa saba usiku, na ilikuwa ileile.

Kuku wa kukaanga alianza vizuri na kumaliza vibaya. Alilazwa usiku kucha katika maziwa ya mgando, ambayo uchachu wake hulainisha nyama na kuisaidia ishikane na unga. Unga ukatiwa pilipili manga, pilipili ya kusaga na chumvi ya kutosha, jambo ambalo wapishi wengi hulionea haya. Saa tatu na nusu ganda lake lilivunjika mdomoni kama inavyotakiwa. Kisha mtu akaamua kumfunika katika vyombo vya chuma vyenye vifuniko ili asipoe, mvuke ukashuka juu yake, na kufikia saa sita ganda lilikuwa limelowa na kuteleza kutoka kwenye nyama likibaki mkononi. Mama anayeuza viazi karai kando ya barabara anajua kwamba kilichotoka mafutani hakifunikwi. Sioni kwa nini mkahawa wenye vikaango vya umeme ushindwe kukaanga kidogokidogo, kama ulivyofanya kwa kamba.

Mboga ndizo zilizonifanya niwaheshimu wapishi hawa. Majani mapana yanayopikwa kusini mwa Marekani ni ya jamii moja kabisa na sukuma wiki, ila wenzetu hawayakatikati na kuyageuza motoni kwa dakika tano. Huyachemsha kwa muda mrefu pamoja na nyama iliyofukizwa moshi, kwa kawaida ya nguruwe, mpaka mchuzi wenyewe unakuwa chakula. Hapa walitumia mbavu za ng'ombe zilizofukizwa, wakamalizia kwa siki na pilipili kavu. Mume wangu, ambaye nyumbani huisogeza sukuma pembeni ya sahani, aliomba mkate wa mahindi wa pili ili auchovye mchuzi huo. Kunde nazo zilipikwa na wali, bila tui, kavu, zikiwa na kitunguu kingi. Zilikuwa nzuri, ingawa sitasafiri kwa ajili yake.

Louisville ina vyakula vyake vyenyewe, na hapo mkahawa ulijaribu vitatu. Hot Brown ilibuniwa mwaka 1926 katika Brown Hotel ya mji huo: kipande cha mkate kilicholazwa nyama ya bata mzinga, kikamwagiwa sosi ya maziwa na jibini, kikapitishwa chini ya moto wa juu na kuwekewa vipande vya nyama ya nguruwe. Ni chakula cha kuliwa papo hapo, na kukiweka kwenye meza ya kujipakulia ni kukionea. Sosi iliganda, mkate ukalowa, na sahani nyingi zilirudishwa zikiwa na nusu. Pai ya chokoleti na jozi ambayo Wakentucky huila siku hiyo waliitengeneza kwa korosho za Kilifi, na wakaiandika kwenye orodha kuwa pai ya chokoleti na korosho tu. Walifanya jambo la busara, maana jina la Derby-Pie ni alama ya biashara ya kampuni ya Kern's Kitchen, ambao hawana mzaha katika kuilinda. Korosho ni laini kuliko jozi na hazina ule uchungu mdogo unaokata sukari, kwa hivyo pai ilikuwa tamu kupita kiasi. Kijiko cha kahawa chungu ndani ya chokoleti kingeisaidia. Kilichofaulu ni kipaka-mkate cha jibini laini na tango kilichoachwa na Jennie Benedict, mpishi wa karamu wa Louisville wa zamani. Tango lilikunwa, likakamuliwa maji yote kwa kitambaa, na vipande vya mkate vilipangwa vichache kwa wakati mmoja ili visikauke.

Kuhusu nyama, nililazimika kumuuliza mhudumu, na nisingepaswa kulazimika.

"Mwanangu, mafuta haya ya kuku yamekaangiwa kitu kingine?"

"Hapana, mama. Nguruwe haingii jikoni kwetu kabisa. Hata hiyo iliyo juu ya mkate ni ya ng'ombe."

Jibu lilikuwa la adabu na bila kusita, nami nikala kwa raha. Lakini chakula chenye sifa ya nguruwe kila kona, kikiuzwa Mombasa, kinahitaji mstari mmoja wa maandishi kwenye orodha unaosema hivyo. Niliona familia moja ikila mkate na matango tu kwa saa nzima kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Sasa vinywaji. Mimi sinywi pombe, kwa hivyo kwa upande huo nategemea ulimi wa shemeji yangu wa Voi, ambaye ni mchaguzi na si mtu wa kusifu ovyo. Kinywaji cha siku hiyo ni julepu ya nanaa, ambayo huko Churchill Downs huuzwa zaidi ya vikombe laki moja katika siku mbili za mbio. Kanuni yake ni fupi: majani manane au kumi ya nanaa, mililita 15 za shira ya sukari, mililita 60 za wiski ya bourbon, na barafu iliyopondwa mpaka iwe kama chenga, ikashindiliwa katika kikombe cha chuma hadi kijifanyie kilima juu. Nanaa haipondwi, hubonyezwa kidogo tu itoe harufu, kwa sababu jani likichanika hutoa uchungu. Bourbon nayo si wiski yoyote. Sheria ya Marekani inataka nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, ambayo ndiyo huipa rangi na ladha ya sukari iliyoungua.

Baa ilikuwa na bourbon halisi na nanaa mbichi yenye harufu ya kufika meza ya pili. Kilichowaangusha ni barafu. Waliiponda yote saa tatu, wakaiweka kwenye ndoo, na kufikia saa tano ndoo ilikuwa na maji yenye mawe machache yaeleayo. Vikombe vilivyotakiwa kuganda ukungu mweupe kwa nje vilikuwa vinachuruzika juu ya kitambaa cha meza, na shemeji alisema alichokunywa ni maji ya nanaa yaliyopitiwa na wiski. Aliagiza cha pili karibu na mbio, kwa kutumaini. Kilikuwa na majani yaliyopondwa mpaka yakawa kama mchicha, akakiacha. Hali ya hewa ya Mombasa si siri, na kifuko cha turubai na nyundo ya mbao vingetosha kuponda barafu ya kila kikombe kwa wakati wake.

Kwa sisi tusiokunywa kulikuwa na vinywaji viwili. Cha kwanza ni chai ya baridi, ambayo kusini mwa Marekani hutiwa sukari ikiwa ingali moto ndipo ipozwe. Hapa ilipozwa kwanza, na sukari ikatiwa baadaye. Mafunda ya juu yalikuwa makavu na chini ya bilauri kulikuwa na mchanga wa sukari ambao hakuna kijiko kilichoweza kuuyeyusha. Cha pili hakikuwa hata kwenye orodha. Msichana wa baa, baada ya kuona nimeirudisha chai, alichukua rojo la ukwaju, akalitia shira, tangawizi iliyokamuliwa na nanaa, akamimina soda na kunitazama nikionja. Kwa ukali wake na ubaridi wake kilikuwa ndicho kinywaji bora cha usiku ule, na shemeji mwenyewe alihamia huko baada ya julepu ya pili. Kwamba kilitokana na msichana mmoja mwenye huruma, wala si na mpango wa mkahawa, ndiko kunakonikera. Katika mji huu nusu ya meza haigusi pombe, na sote tulilipa zile 4,500 zilezile ambazo ndani yake mna bei ya wiski.

Kila meza iliwekewa karatasi ya maelezo yenye picha ya jumba jeupe lenye nguzo na maneno mengi juu ya ukarimu wa kusini. Haikutaja kwamba bamia, kunde na mikono iliyovipika vilivuka bahari kutoka Afrika, vingi vyao kwa minyororo. Haikutaja pia kwamba katika mbio za kwanza, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, akiwemo Oliver Lewis aliyeshinda juu ya Aristides, wala kwamba Isaac Murphy alishinda mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Karatasi hiyo ingeandikwa upya kwa nusu saa, na ingewafaa wageni wa Mombasa kuliko lile jumba.

Mengine yalikwenda. Mvua ilianza mapema ikatuhamisha wote kutoka bustanini, wahudumu wakabeba meza kwa haraka na bila kugombana, na zawadi ya kofia ilichukuliwa na mama mmoja aliyevaa kofia ya ukili pana kama ungo, kwa haki kabisa. Picha ya runinga ilikatika mara moja, ikarudi kabla farasi hawajaingizwa vibandani. Hapakuwa na kamari yoyote mezani, nami nikalifurahia hilo.

Nafasi huwekwa kwa kulipa nusu kwa M-Pesa, na niliambiwa kwamba mwakani wasiokunywa watakuwa na bei yao. Anayepiga simu aulizie hilo kabla ya kutuma pesa. Aombe pia meza ya barazani, kwa sababu zile za ndani ziko chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, na apange mapema jinsi ya kurudi, maana saa nane na nusu usiku, mvua ikinyesha, tuktuk ya kutoka Nyali kwenda kisiwani hutaja bei inayoitaka.