Huduma ya uuguzi wodi ya upasuaji: ridhaa na siri ya mgonjwa

Katika hospitali binafsi ya Dar es Salaam alikolazwa mama yangu kwa upasuaji wa ngiri, kilichonivutia zaidi ni muuguzi aliyekataa kumpa kalamu atie saini fomu ya ridhaa mpaka daktari arudi kumweleza madhara yanayoweza kutokea, kwa kuwa kueleza ni wajibu wa daktari na yeye ni shahidi tu. Ndivyo anavyotakiwa kuwa mtu aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kasoro ni makabidhiano ya zamu: majina na maradhi yalisomwa kwa sauti mbele ya ndugu waliokuja kuwajulia hali wagonjwa. Ningemrudisha mama hapo, ila makabidhiano hayo yahamie ofisini kwa wauguzi.