Upasuaji wa kichwa pale Benjamin Mkapa Dodoma, na dokta niliyemwamini

Nyota tano kwa timu ya upasuaji wa ubongo hospitali ya Benjamin Mkapa, hii iliyopo huku Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na nasema kama mgonjwa mwenyewe siyo kusimuliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na kichwa kuuma asubuhi, baadae mkono wa kulia ukawa unatetemeka wenyewe hadi kitambaa kinanitoka, zahanati niliyokuwa naenda kila siku naambiwa presha, kila siku panadol, mtaani nako washaanza kusema nimetupiwa kitu. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya kichwa, ndo kikaonyesha uvimbe kwenye ubongo upande wa kushoto, meninjioma, unaota kwenye utando unaofunika ubongo na mara nyingi sio kansa.

Sasa hapa ndo nataka niseme vizuri. Dokta hakunificha kitu. Kwanza aliuliza mama unafanya kazi gani, nikamwambia nashona, akafungua picha kwenye kompyuta akanionyesha kwa kalamu uvimbe ulipokandamiza sehemu inayoendesha mkono, ndo nikaelewa kwa nini ugonjwa uko kushoto na shida iko kulia. Akasema wazi mkono unaweza kulegea baada ya operesheni na usirudi wote, damu inaweza kuvuja, kifafa, yaani ule mtetemo wa mkono, kinaweza kubaki, na kama kuna kipande kimeshika mshipa mkubwa atakiacha hapo hapo kuliko kuniharibu. Mume wangu aliogopa sana, mimi ndo nikatulia. Mtu anayekwambia mapema ataishia wapi, huyo nampa kichwa changu. Nikamuuliza ameshafanya wangapi kama mimi na nani atashika kisu, hakukasirika, alijibu yote, nikasaini fomu.

Nilipozinduka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, dokta alikuja mwenyewe akanipa vidole viwili, haya mama bana kwa nguvu. Nikabana. Kinyonge, lakini nilibana, nililia jamani. Uso ulivimba mpaka jicho likaziba ila walishanambia kabla so sikushtuka, manesi nao Mungu awabariki.

Wanaotoka mbali, Mpwapwa, Kondoa huko, ndugu wajipange na gesti ya Ng'hong'hona, jirani na UDOM hapo, maana majibu ya kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara hayatoki siku hiyo hiyo. Dawa za kifafa usiache mwenyewe hata ukijiona mzima, mimi bado nameza. Na kwa dokta usiende peke yako, ukishasikia uvimbe kwenye ubongo mengine yote hayaingii, mimi nilienda na mdogo wangu na daftari, akaandika kila kitu, usiku tukakaa tunasoma.