Nguvu Ndogo au Kubwa kwenye Vyuma vya Meno: Ipi Inaumiza Mzizi?

Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna utando wa nyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2. Waya unaposukuma jino, seli za utando huo ndizo zinazobanwa kwanza.

Nguvu ndogo, kama gramu 35 hadi 60 za kuinamisha jino, hupunguza mtiririko wa damu kwenye utando bila kuukata. Seli zilizobanwa hutoa protini ya RANKL, inayokomaza seli za kula mfupa. Mfupa huachia, jino husogea.

Nguvu kubwa huziba mishipa ya damu. Seli hufa, na utando hugeuka eneo lisilo na uhai. Jino hukwama kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo kosa baya hufanyika: kuongeza nguvu! Seli zinazokuja kuondoa tishu mfu hukwangua pia simenti, yaani tabaka gumu linalofunika mzizi, iliyokwisha kupoteza seli za kuilinda, na huweza kufika kwenye dentini, sehemu ngumu iliyo chini yake. Ncha ya mzizi huumia zaidi, hasa jino likisukumwa kuingia ndani ya taya. Kazi hiyo inahitaji gramu 10 hadi 20 tu.

Sisi tunachagua nguvu ndogo, ingawa si kinga kamili: urithi na matibabu marefu huchangia pia. Piga eksirei baada ya miezi 6 hivi. Mzizi ukianza kufupika, pumzisha jino miezi 2 hadi 3. Vishimo vilivyokwanguliwa kwenye mzizi hujazwa simenti mpya. Urefu uliopotea haurudi.