Chingamu ya nikotini ya Nicorette: inasaidia kweli, ila haitafunwi kama jojo

Wengi wanaoitupa chingamu hii ya kusaidia kuacha sigara baada ya siku chache hulalamikia kwikwi, kiungulia, na kiu ya sigara kubaki palepale. Mara nyingi chanzo ni kimoja: kutafuna harakaharaka. Nikotini yake, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hupenya kwenye utando laini wa ndani ya shavu. Ukiimeza na mate, tumbo linachafuka, na sehemu kubwa inavunjwavunjwa na ini kabla haijafika kwenye ubongo.

Tafuna polepole mpaka usikie ukali wa pilipili, kisha acha na uibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukipotea, tafuna tena, ubane upande wa pili. Kipande hudumu kama nusu saa. Kahawa, soda na juisi huchachusha mate na nikotini haipenyi vizuri, kwa hiyo dakika 15 kabla yake, na wakati kiko mdomoni, kunywa maji tu.

Anayewasha sigara ya kwanza kabla ya nusu saa kupita tangu aamke achukue ya miligramu 4. Wengine inawatosha ya 2. Wiki 6 za mwanzo ni kipande kimoja kila saa 1 hadi 2, angalau 9 kwa siku, visizidi 24. Hapa ndipo watu wanapokwama: wanaogopa, wanatumia viwili vitatu, arosto inawazidi, wanarudi kibandani kununua sigara za rejareja. Wiki ya 7 hadi ya 9 ni kila saa 2 hadi 4, na hadi ya 12 kila saa 4 hadi 8.

Hofu ya kuhamisha uraibu tu, kutoka sigara kwenda chingamu, inaeleweka, lakini haina uzito. Nikotini humfunga mtu. Kinachomuua hasa ni moshi, wenye lami, kaboni monoksidi na kemikali zipatazo 70 zinazosababisha saratani. Mwaka mmoja bila sigara, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa nusu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na inauma kuona famasi nyingi bado hazina.

Mjamzito, au aliyepata shambulio la moyo karibuni, amwone daktari kwanza. Mwenye meno bandia itamnasa. Kibandiko cha nikotini cha kubandika kwenye ngozi kinamfaa zaidi. Kwa mvutaji mzito, kibandiko cha miligramu 21 kila asubuhi pamoja na chingamu kiu inapopanda hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.