Chombo kipi kinafaa kupandia mimea ya tangi la samaki?

Anayefuga siklidi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa anaijua adha hii: unapanda mmea asubuhi, jioni unaukuta unaelea. Samaki hawa huchimba. Njia ya uhakika ni kuupanda mmea ndani ya chombo, kisha chombo ndicho kikae tangini. Hapo udongo wenye rutuba unabaki palipo na mizizi tu, na siku ya kusafisha unainua mmea mzima bila kuikata mizizi yake. Si lazima ununue vyombo maalumu vya dukani, ila si kila kopo la jikoni linafaa.

Nafasi ya kwanza naipa chungu kidogo cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi, kile wanachouza wauza miche kandokando ya barabara. Ni kizito, hakipinduliwi ovyo, na ukuta wake wa kukwaruza hushika mwani mapema hata kikafanana na jiwe. Kimo cha sentimita 8 hadi 10 kinatosha kwa valisneria na kriptokorine, ambazo hula zaidi kwa mizizi. Kabla ya kulipa, kigonge kwa kidole. Kilichoiva hulia, kisichoiva hutoa mlio mfu, na majini kitamomonyoka. Usichukue kilichowahi kupandwa maua, hata ukipewa bure, maana udongo wa kuchomwa hunyonya mbolea na dawa za wadudu, na kuosha hakuziondoi zote. Nunua kipya, kiloweke usiku kucha, tundu la chini lizibe kwa kijiwe.

Ya pili ni chupa fupi ya jemu au bilauri nene. Kioo hakitoi kitu majini na kinaoshwa kikatakata. Kasoro yake ni kukosa tundu: udongo ukiwa mwingi, ule wa chini hukosa hewa na kuanza kunuka mayai viza. Weka sentimita 2 au 3 tu za udongo, juu yake mchanga.

Vikopo vya yogati navipa nafasi ya tatu. Geuza kitako usome namba ya aina ya plastiki, iliyo ndani ya pembetatu: 1, 2 na 5 ninazikubali, 3 naiacha. Toboa matundu kwa msumari wa moto, na chini tanguliza kokoto, la sivyo kitapinduka.

Kifuu cha nazi kinapendeza macho, lakini hugeuza maji kuwa ya rangi ya chai, na mabaki ya nazi huoza. Kikwangue, kichemshe mara kadhaa, kisha kitumie kwa anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na Kati. Huo hufungwa kwa uzi juu ya kifuu. Shina lake nene likifukiwa, linaoza.

Makopo ya bati yaache kabisa. Yanashika kutu. Chombo chenye shaba ni hatari zaidi, hasa ukiwa unafuga kamba (uduvi) au konokono.

Udongo uwe wa bustani usiotiwa samadi, ufunikwe kwa mchanga uliooshwa, walau sentimita 2. Kwa siklidi, panga pia mawe bapa kulizunguka shina, makubwa kiasi cha kuwashinda kuyabeba kwa mdomo.