Studio ndogo za mazoezi Dar es Salaam: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Kabla ya kuuliza bei wala kutazama picha, fikiria njia unayopita kila siku. Kama kazi yako iko Posta na unaishi Mbezi Beach, studio ya Masaki inayosifiwa na kila mtu itakushinda ndani ya mwezi, maana jioni utakuwa kwenye foleni ya Ali Hassan Mwinyi wenzako wakipasha misuli. Tafuta iliyo njiani kwako, na kama ipo karibu na ofisi ni bora zaidi: unafanya mazoezi, ukitoka foleni imepungua. Mimi nimehama studio tatu. Niliyodumu nayo ni ya nne, kwa sababu naifikia kwa miguu dakika kumi tu kutoka kituo cha mwendokasi cha Morocco.

Ninaposema studio ndogo nina maana ya chumba kimoja, watu wanane hadi kumi na watano, mwalimu mmoja, na unalipia darasa au kifurushi. Kwenye jimu kubwa unalipa kisha unaachwa na vyuma. Hapa unachonunua ni jicho la mwalimu, na ndiyo maana bei iko juu. Mwalimu asipokutazama, umeibiwa hata kama chumba kinanukia marashi.

Nyingi utazikuta Instagram: Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach. Sinza, Kinondoni na Tabata kuna kumbi za aerobiki za jioni ambazo hazijitangazi sana. Hizo utaelekezwa na majirani. Ukifungua ukurasa wa studio, achana na picha walizopiga wenyewe, tafuta walizopiga wateja. Angalia tarehe ya ratiba ya mwisho. Halafu pita pale saa kumi na mbili jioni umuulize mlinzi getini watu huwa wanajaa siku gani. Mlinzi hana cha kukuuzia.

Mpangilio ufuatao ni kwa mtu wa miaka 30 hadi 50 anayekaa kwenye kiti kutwa na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Hizo dakika unaweza kuzipata bure ukitembea kwa kasi ufukweni Coco Beach. Kwenye misuli ndipo wengi wetu tunapokwama, na hapo ndipo pesa yako inafaa kwenda.

Kwa hiyo namba moja ni darasa la nguvu la watu wachache: dambeli, vyuma, kamba za mpira. Siku yangu ya kwanza kwenye studio ninayokwenda sasa, mwalimu aliniambia nichuchumae bila kubeba chochote. Akapiga goti pembeni yangu, akatazama visigino vikinyanyuka sakafuni, akaleta vipande viwili vya ubao na kuviweka chini ya visigino vyangu. “Shuka tena, taratibu.” Mgongo ukanyooka. Wiki tatu nzima hakunipa chuma. Ukimpata mwalimu wa namba hiyo, mshike. Anayekupa uzito siku ya kwanza bila kukuuliza habari za presha, mgongo, upasuaji au ujauzito, muage.

Namba mbili, Pilates. Ni mazoezi ya kiini cha mwili, tumbo, mgongo na nyonga, yaliyobuniwa na Mjerumani Joseph Pilates, aliyefungua studio New York miaka ya 1920. Kwa mgongo uliochoshwa na kiti cha ofisi ni dawa nzuri. Ya mkekani ni nafuu. Ya rifoma, kile kitanda chenye springi na kibao kinachoteleza, ni ghali kwa sababu idadi ya wateja haizidi idadi ya mashine. Anza mkekani. Ukienda kwenye rifoma, tazama springi kama zina kutu: hewa ya chumvi ya Masaki haina huruma na chuma.

Tatu, Zumba, yaani mazoezi ya kucheza dansi, na aerobiki. Ni rahisi kupatikana na bei yake inavumilika, na sijaona darasa lingine ambalo watu hawakosi kuja kama hili. Furaha inawarudisha. Ila kanyaga sakafu kabla ya kulipa. Vigae juu ya zege, ukirukaruka saa nzima mara tatu kwa wiki, magoti yatakudai. Tafuta mbao au mpira.

Yoga naiweka ya nne: inanyoosha mwili na kutuliza pumzi, lakini peke yake haitoshi kwa nguvu.

Ya tano ni baiskeli za ndani. Zinasaidia moyo na hazigongi magoti, lakini mgeni akifuata kasi ya wenyeji siku ya kwanza anaweza kuumiza misuli vibaya. Ukiona maumivu makali ya mapaja na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwisho ni CrossFit, mazoezi makali yanayochanganya kunyanyua vyuma, kuruka na kukimbia, na madarasa mengine ya kasi kali. Si mabaya, ila yasubiri miezi sita ya darasa la nguvu. Jina la CrossFit hutumiwa kwa leseni, basi omba kuona cheti cha mwalimu.

Joto nalo ni sehemu ya bei. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba cha watu kumi na watano chenye feni moja hakifai. Ingia darasa la kabla ya lako likimalizika, uvute hewa, uguse mikeka. Uliza umeme ukikatika jenereta inawasha AC au taa tu. Kina dada wanaotaka darasa la wanawake peke yao waulize pia kama mwalimu ni mwanamke, kama kioo kinatazama barabarani, na kama video za darasa hurushwa mtandaoni. Una haki ya kukataa kupigwa picha.

Sasa malipo. Niliwahi kulipa mwaka mzima kwa sababu ya punguzo. Mwezi wa tano nikakuta mlango una kufuli na simu haipokelewi. Tangu hapo silipi zaidi ya miezi mitatu. Anza na darasa moja. Kifurushi kipige hesabu kwa siku utakazokwenda kweli: tuseme ni shilingi 200,000 kwa madarasa 12, kila moja ni kama 16,700; ukienda mara tano tu, umelipa 40,000 kwa darasa. Lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, si namba ya mtu binafsi, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kisha uliza kwa WhatsApp, ili jibu libaki kwa maandishi: nikisafiri, nikiugua au Ramadhani ikiingia, siku zangu zinasimamishwa au zinaliwa?